Dawa iliyomponya mdogo wangu kwangu imegoma. Je, ubongo wangu una kasoro?

Shikamoo mama mshauri,

Naomba usiandike jina langu. Sema tu niko Kigoma, upande wa Kibirizi, nina miaka 36, nina mume na watoto watatu. Kazi yangu ni dagaa: nanunua alfajiri mitumbwi ikiingia, naanika, nafungasha, nasafirisha kwenda Kahama. Zamani niliipenda kazi hii. Siku hizi naifanya kwa sababu watoto lazima wale.

Ilianza baada ya msiba wa mama yetu. Nilidhani ni majonzi, arobaini ikipita yatakwisha. Hayakwisha. Naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Chakula hakina ladha. Naweza kusimama kwenye chanja nageuza dagaa huku machozi yananitoka, na mtu akiniuliza nalia nini sina jibu. Nimetibiwa malaria, nimetibiwa taifodi, nimepima virusi vya UKIMWI na sina. Mwisho nesi mmoja akanikalisha chini, akaniuliza maswali mengi, akanipeleka kwa daktari. Ndipo nikaambiwa ni sonona.

Nilianzishiwa amitriptilini, kidonge kimoja usiku. Usingizi ulirudi kidogo, ila mdomo ulikauka, asubuhi kichwa kizito, na ile huzuni ikabaki palepale. Baadaye wakanibadilishia fluoksetini. Hiyo nimeimeza kwa vipindi, maana kuna wakati haipatikani, na ziwa lilipofungwa miezi mitatu sikuwa na hela ya kuinunua. Sikuona tofauti ya maana.

Sasa mama, kinachoniumiza ni hiki. Mdogo wangu wa tumbo moja naye aliugua baada ya msiba uleule. Akapewa fluoksetini hiyohiyo. Haukupita muda mrefu akarudi kwenye vitenge vyake soko la Mwanga, anacheka, ananenepa. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, kweli kabisa. Lakini nyumbani nasikia, "Mbona mwenzio kapona? Wewe hutaki kupona." Kuna siku namwangalia mdogo wangu najisikia vibaya hata kukaa naye.

Halafu mtoto wa kaka yake mume wangu, anasoma chuo Dodoma, alikuja likizo akatusomea kwenye simu kwamba wataalamu wamepiga picha za ubongo na kukuta watu ambao sonona yao haisikii dawa wana ubongo tofauti na wale wanaopona. Sehemu nyingine ni nyembamba, nyingine ni ndogo. Alisema kwa nia njema, alitaka watu waache kuniita mvivu. Lakini tangu siku hiyo mawifi zangu wanasema ubongo wangu umesinyaa. Na mimi nimeanza kuamini. Usiku nawaza watoto wangu watarithi.

Kijana alisema kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ya ubongo, huko Dar kitaonyesha kila kitu. Nina kiwanja Gungu, ndicho fungu langu kwa mama. Mteja yupo, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema tuuze nikapimwe. Mdogo wangu anasema nisiuze ardhi ya mama. Mama mkwe anasema vyote hivyo ni kupoteza pesa, kuna mtaalamu wa dawa za asili Kasulu. Mimi katikati. Dawa nimeacha kumeza, nilijiuliza nameza nini kama ubongo wenyewe umekataa. Kuna usiku natamani nilale nisiamke, ingawa sijapanga kujidhuru, nawaza watoto.

Je, ni kweli ubongo wangu ni tofauti? Niuze kiwanja? Nirudi kwenye dawa?

Mama wa watatu, Kigoma

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma taratibu, na nitaanza na sentensi uliyoiweka karibu na mwisho, ile ya kutamani ulale usiamke. Umefanya vema kuiandika. Naomba leo hii uiseme pia kwa mdomo, kwa mumeo au kwa mdogo wako, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia. Vidonge vilivyobaki ndani avitunze mmoja wao. Na ikitokea mawazo hayo yakaanza kuwa mpango, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, na mtu wa kukusindikiza. Hiyo ni dharura kama zilivyo dharura nyingine, na hutakuwa unamsumbua mtu.

Sasa tuje kwenye maswali yako. Naona mambo matatu yamefungwa pamoja: kile alichokisoma kijana, kiwanja cha marehemu mama, na lawama za nyumbani. Hilo la tatu hukuliuliza, lakini nahisi ndilo linalofanya mawili ya kwanza yawe mazito kiasi hiki.

Kijana hakudanganya. Utafiti huo upo. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa nchi nyingi liitwalo ENIGMA lilikusanya picha za ubongo za wagonjwa wa sonona 1,728 na za watu wasio na ugonjwa huo 7,199. Waliona kwamba sehemu inayoitwa hipokampasi, iliyo ndani kabisa ya ubongo na inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo kidogo kwa wagonjwa, hasa wale ambao ugonjwa umewarudia mara kwa mara au uliwaanza wakiwa wadogo. Mwaka uliofuata waliripoti pia kwamba kwa watu wazima wenye sonona, gamba la nje la ubongo ni jembamba kidogo katika baadhi ya maeneo, yakiwemo ya mbele. Na wapo waliolinganisha wanaopona kwa dawa na wasiopona. Daktari Helen Mayberg na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba eneo moja la mbele, singuleti, lilikuwa likifanya kazi kwa nguvu zaidi kabla ya matibabu kwa wale ambao baadaye dawa iliwasaidia. Tafiti nyingine zimekuta hipokampasi ndogo zaidi kwa baadhi ya wale ambao dawa haikuwasaidia.

Lakini tuulize, tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani? Ile ya hipokampasi ilikuwa takriban asilimia 1.2, tena ni wastani wa kundi zima. Wewe ni mtu wa samaki, utanielewa. Chukua migebuka ya mitumbwi miwili, upime yote, ukute ya mtumbwi mmoja kwa wastani ni mirefu kwa unene wa kucha. Ikichanganywa beseni moja, mtu akichomoa mgebuka mmoja akakuuliza umetoka mtumbwi upi, utajibu nini? Watafiti wa Ujerumani walilifanyia kazi swali la namna hiyo na kutoa majibu mwaka 2022, kwa watu 1,809. Walikuta kwamba vipimo vya ubongo vya wagonjwa wa sonona na vya wasio wagonjwa vinaingiliana kwa asilimia 87 hadi 95. Kompyuta ilipoambiwa itaje nani mgonjwa na nani mzima, ilipatia kwa asilimia 54 hadi 56, na anayebahatisha tu hupata 50. Hapo ni mgonjwa dhidi ya mzima. Kumtofautisha mgonjwa mmoja na mwenzake, wewe na mdogo wako, ni kazi ngumu zaidi ya hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo huenda kijana hakulifikia. Watu ambao sonona yao haisikii dawa mara nyingi wameugua muda mrefu zaidi na wamemeza dawa nyingi zaidi. Kwa hiyo hata tofauti ikionekana, ni ipi iliyotangulia? Mwaka 2003 Yvette Sheline na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliowahi kuugua sonona mara kwa mara. Kadiri mtu alivyokaa siku nyingi na ugonjwa bila dawa, ndivyo hipokampasi yake ilivyokuwa ndogo zaidi, na siku alizougua akiwa kwenye dawa hazikuonyesha uhusiano huo. Utafiti mmoja haumalizi mjadala. Ila unakuonyesha kwamba si lazima tuseme ulizaliwa na ubongo uliokataa dawa. Na ubongo si kitu kilichoganda. Mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za wazee 120. Waliotembea kwa mazoezi mwaka mzima, hipokampasi zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 2, huku za wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo zikipungua. Kwa hiyo neno "umesinyaa" la mawifi zako, mwanangu, halina picha inayolithibitisha na halina uzito wa hukumu.

Basi kipimo cha MRI kina kazi gani? Kazi kinayo, na kubwa. Kinaonyesha uvimbe, kiharusi, damu iliyovuja, makovu. Kama una kifafa kilichoanza ukubwani, au kichwa kinachouma kwa namna mpya huku unatapika, au upande mmoja wa mwili unakosa nguvu, au unapotea njia uliyoizoea, mwambie daktari, na akikuandikia kipimo hicho kitakuwa na sababu. Katika barua yako sikuviona vitu hivyo. Kile ambacho picha haifanyi mpaka leo ni kumwambia mtu mmoja kuwa dawa hii itamfaa na ile haitamfaa. Hata kwenye hospitali kubwa za Ulaya daktari hachagui dawa ya sonona kwa kuangalia picha ya ubongo.

Naomba ufikirie pia siku ya majibu. Tuseme umeuza, umesafiri, umepigwa picha, na karatasi imeandikwa "kawaida". Ndilo jibu wanalopata wengi wenye sonona. Utarudi Kibirizi bila kiwanja, na nyumbani watasema nini? Nina wasiwasi watasema, "Kumbe haumwi." Nawe ulikwenda ili uaminiwe. Kwa upande mwingine, siwezi kukuambia utulivu wa kuona hakuna uvimbe hauna thamani kwako. Kwa watu wengine una thamani kubwa. Wewe ndiye unayejua hofu yako imekaa wapi: kwenye ugonjwa uliojificha, au kwenye kutoaminiwa?

Sasa niulize jambo ambalo naona mmelipita haraka. Nani amesema sonona yako ni sugu? Madaktari wengi hutumia jina hilo pale mgonjwa anapokuwa amejaribu dawa angalau mbili, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, bila nafuu. Wewe dawa mbili umepewa, ni kweli. Lakini amitriptilini kidonge kimoja usiku, kama kilikuwa cha miligramu 25, ni kiwango cha kuanzia, na hutumika sana kwa usingizi na maumivu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa sonona ya mtu mzima hupandisha taratibu hadi miligramu 75 na zaidi. (Usijipandishie mwenyewe. Dawa hiyo ikizidi ni hatari kwa moyo.) Fluoksetini nayo huhitaji wiki nne hadi sita za kumeza kila siku kabla ya kusema imefaa au haijafaa, na daktari anaweza kuiongeza. Yako ilikatika na kurudi. Sikulaumu hata kidogo, dawa isipopatikana na ziwa likafungwa, mtu angefanyaje? Ninachosema ni kwamba inawezekana dawa hizi hazijapewa nafasi kamili mwilini mwako, na kama ni hivyo, swali la ubongo kukataa bado halijafika wakati wake.

Tena yapo mambo ambayo hufanya sonona isisikie dawa na hayaonekani kwenye picha ya kichwa. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango. Upungufu wa damu. Pombe. Dawa za magonjwa mengine. Na kuna ugonjwa ambao huzuni hupokezana na vipindi vya nguvu nyingi kupita kawaida, mtu halali lakini hachoki, anaongea haraka, anatumia pesa ovyo. Huyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza asipate nafuu au akaharibikiwa zaidi. Umewahi kupita vipindi hivyo? Mwambie daktari hata kama hakukuuliza. Vipimo vya damu vya tezi na wekundu wa damu gharama yake haifanani hata kidogo na safari ya Dar.

Na kuhusu mdogo wako. Marekani walifanya utafiti mkubwa ulioitwa STAR*D, matokeo yake yakatoka 2006, wagonjwa wapatao 4,000. Dawa ya kwanza iliwaondolea dalili takriban theluthi moja tu. Waliobaki wakabadilishiwa au wakaongezewa, na baadhi wakapona, ingawa kila hatua iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Sikufichi hilo. Lakini ona: mdogo wako yuko kwenye ile theluthi. Wewe uko pamoja na walio wengi. Kupona kwake haraka hakusemi lolote kuhusu juhudi zako wala mapenzi yako kwa marehemu mama.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya zile tatu za nyumbani. Unaweza kurudi kliniki hapohapo Kigoma na kuomba matibabu yaanze upya kwa mpango: dozi gani, kwa muda gani, lini tutasema haijafaa, na ikiadimika nifanye nini. Hatari yake ni kuchoka tena, na dawa kukatika tena. Unaweza kuomba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Bugando kule Mwanza, Mirembe kule Dodoma ambako treni ya Dar hupita, au Muhimbili. Huko wanaweza kuongeza dawa kama lithiamu, ambayo inataka damu ipimwe mara kwa mara, na kwa walio hoi kuna tiba ya umeme inayotolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Hatari ya njia hiyo ni gharama na kuwa mbali na watoto. Pengine haitahitaji kiwanja kizima, pengine itahitaji. Uliza kwanza kabla mteja hajakuharakisha. Haraka ni yake.

Kuna na njia ya kuzungumza, ambayo katika barua yako haimo kabisa, na mimi naijali sana. Uingereza walichukua wagonjwa 469 ambao dawa haikuwatosha. Nusu wakaendelea kama kawaida, nusu wakaongezewa mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili fikra na mienendo. Matokeo yalitoka 2013: baada ya miezi sita, asilimia 46 ya walioongezewa mazungumzo dalili zao zilipungua kwa nusu au zaidi, na kwa wenzao ni asilimia 22. Jirani zetu wa Uganda, vijiji 30 vya Masaka na Rakai, waliunda vikundi vya wenye sonona vilivyoongozwa na watu wa hapohapo, wanaume kwao na wanawake kwao, wakizungumza misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Utafiti huo ulichapishwa 2003. Mwishoni asilimia 6.5 tu ya waliokaa vikundini bado walikuwa na sonona kamili, na kwa wasiokuwamo asilimia 54.7. Ugonjwa wako ulianza na msiba. Je, kuna mtu aliyewahi kukaa nawe ukamlilia mama yako bila kukuambia unyamaze? Uliza kliniki na ofisi ya ustawi wa jamii kama yupo mtu wa kazi hiyo.

Kwa mama mkwe, naomba usimwone adui. Naye anatafuta. Ukiamua kwenda Kasulu, au kwenye maombi, hakuna anayeweza kukukataza. Ila uliza kilichomo kwenye dawa ya kunywa, mwambie daktari wako, na usikubali masharti ya kuacha matibabu mengine. Wasiwasi wangu ni pale mtu anapozidiwa huku anasubiri dozi ya mitishamba iishe.

Dawa uliyoacha, usiirudie kwa kukisia na usiichanganye na ile ya zamani. Nenda ueleze kweli kwamba uliacha na kwa nini. Huko hukumu isiwepo. Na ukikutana na wa kukuhukumu, muulizie yule nesi aliyekukalisha chini mwanzo.

Kiwanja siwezi kukuamulia. Mumeo anapotaka kuuza, nadhani anasema amechoka kukuona hivyo na anataka afanye kitu. Mdogo wako anapokataa, pengine anasema bado ana mama pale Gungu. Wakae wote wawili, kila mmoja aseme anachoogopa badala ya kusema uza au usiuze. Nawe jiulize kama uamuzi huu unaharakishwa na mteja, au na ugonjwa wenyewe, maana sonona humfanya mtu aone milango yote imefungwa isipokuwa mmoja.

Kuhusu watoto: sonona hutembea katika familia, ni kweli, lakini hairithiwi kama jina la ukoo. Watoto wengi wa wenye sonona hawaugui. Na hao wako wana mama mdogo aliyeupita ugonjwa huu. Huyo mdogo wako, ambaye siku hizi unaona vigumu kukaa naye, ndiye pekee nyumbani anayejua saa tisa usiku ilivyo. Kama utaweza, mwombe akusindikize kliniki safari hii, ashike daftari aandike dozi na tarehe. Kisha niandikie walichokuambia.